Waliokaa Katikati

Siku tuliyokuwa tunajiandaa kumzika Bibi, Shangazi aliloweka kamba za mgomba kwenye ndoo, nami nikainuka nikatoka nje. Watu walidhani nimezidiwa na uchungu. Uchungu ulikuwepo, sikatai, maana Bibi ndiye aliyenilea. Lakini kilichonitoa mle ndani ni harufu. Kamba kavu ya mgomba ikilowa hunuka udongo, na chini ya huo udongo kuna kitu kama maziwa yaliyochacha. Mtu mwingine akiisikia anakumbuka mizigo ya mboga sokoni. Mimi nakumbuka uwanja wa ofisi ya kijiji, na mama yangu amekaa chini, amenyolewa nywele zote.

Ninyi wa rika langu mtaikumbuka miaka ile kwa mambo yenu. Wa mjini mtakumbuka vyama vingi vilivyofika na bendera zao, na vijana waliovaa fulana za bure mpaka zikatoboka mabegani. Sisi wa milimani huku, kati ya Kibondo na Kasulu, tunakumbuka malori. Yalipita na mahindi ya kambi za wakimbizi, yakarudi matupu, yakapita tena yamebeba watu waliosimama wameshikana mabega. Vumbi lake lilikaa juu ya majani ya migomba mpaka mvua ilipoyaosha. Mpaka wa Burundi ulikuwa karibu, na upepo ukitokea huko tulisikia milio. Bibi alisema, "Wanapasua mawe." Nilimwamini. Kwa muda mrefu niliamini kwamba ng'ambo ile wanaishi watu wasio na kazi nyingine ila kupasua mawe, na nilishangaa kwamba hawajayamaliza.

Mama yangu, Jenoveva, alitoka ng'ambo ile. Aliletwa mgongoni mwa baba yake akiwa mdogo, katika vita vya zamani, kabla kambi hizi hazijafikiriwa. Alikulia hapa, akabatizwa hapa, akaolewa hapa. Kiha chetu na Kirundi chao vinakaribiana kiasi kwamba hakuna aliyeweza kumtambua kwa ulimi. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyemchagua. Alimwona kwenye kilimo cha kusaidiana, anapalilia mstari wa maharage bila kuinua mgongo, akarudi nyumbani akamwambia Baba, "Nimekuonea mke." Pombe ya ndizi ikanywewa, mbuzi wakatolewa, padri akabariki. Tangu hapo Bibi alimwita mukazana wanje, yaani mkamwana wangu, na nyumbani kwetu hilo ndilo lilikuwa kabila lake.

Kuna jambo ambalo kijijini kwetu halisemwi sana, nami nalisema kwa sababu waliokuwa wakininyamazisha wamekwisha kufa. Yale malori tuliyaita wenyewe.

Kambi zilijaa kuliko alivyotarajia yeyote. Watu wa kambini walipewa mahindi ya punje, kuni wakatafute wenyewe, na kuni zilikuwa kwenye misitu yetu. Miti ikaisha mlimani. Mhogo ukang'olewa mashambani, unafika asubuhi unakuta mashimo. Hakuna mwizi aliyekamatwa, lakini kabila la mwizi lilikuwa limeshajulikana kabla hata ya kumtafuta. Wanawake wale wale waliopeleka ndizi kwenye soko la kambi asubuhi, wakarudi na mafuta ya kopo na blanketi za kijivu, jioni walikutana kisimani kulalamika kwamba wakimbizi wametumaliza. Nasema hivi bila kumcheka mtu. Njaa ilikuwepo kweli, na mashimo yalikuwepo kweli.

Bibi ndiye aliyesema sasa basi, twende ofisini kwa wakubwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu kutoka mlima wa pili, na akishaamua jambo ilikuwa afadhali ukae pembeni. Walikata matawi, wakachukua madebe ya kupiga. Wimbo waliouimba ulikuwa ule wa kufukuza nyani mahindi yanapokomaa, ila pale penye neno nyani waliweka neno wakimbizi. Na aliyeuanzisha wimbo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na sauti ya juu na safi kupita wote, alikuwa Mama.

Nilikuwa nimeshika pindo la kanga yake. Nakumbuka jasho lililomtiririka nyuma ya sikio, na jinsi alivyocheka kila wanawake walipoitikia. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Baba: Mama alikuwa anafikiria nini siku ile? Baba akasema, "Alikuwa anafikiria mhogo wake."

Mkubwa mmoja aliyevaa shati jeupe alitoka kwenye ofisi akainua mikono. "Akina mama," akasema, "tumewasikia." Vigelegele vilivyopigwa hapo sijavisikia tena mpaka leo. Tulirudi tukicheza barabarani. Baba, ambaye hakupenda kelele, alituangalia kutoka kwenye shamba lake la maharage akatikisa kichwa, na Bibi akamtania mbele ya wenzake, "Huyu angezaliwa mwanamke, angekuwa mtawa!"

Serikali ilikuwa imetusikia kweli. Mavuno yalipokwisha lilipita gari lenye kipaza sauti, likitangaza kwamba Mrundi yeyote anayeishi nje ya kambi aende kambini, na asiyekwenda atapelekwa. Bibi alikuwa anapeta maharage uani. Aliweka ungo chini akapiga makofi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ana unga mikononi.

"Mama," alimwambia Bibi, "na mimi?"

"Wewe una nini?"

"Wamesema yeyote."

Bibi akacheka. "Wewe ni wa hapa. Wanawasema wale." Akaelekeza mdomo upande wa kambi, akaokota ungo wake akaendelea kupeta. Sidhani kama alikuwa anamdanganya. Kichwani mwa Bibi kulikuwa na Warundi, na kulikuwa na Jenoveva, na wawili hao hawakuwahi kukutana.

Walikutana wiki ile ile. Kijiji cha jirani walichukuliwa hata watu waliozeekea pale, wenye wajukuu na makaburi. Habari ilipotufikia, Mama aliacha kuimba. Hakutangaza kwamba ameacha, ila alitwanga kimya na kuchota maji kimya, na mimi, niliyezoea kumtafuta kwa kufuata sauti yake, nikawa napotea katika nyumba ya vyumba viwili.

Baba alikuwa na mpango. Aliutoa tukiwa tunakula ugali wa mchana, akiongea huku anaangalia sahani. Mama aende Kasulu kwa Shangazi, akae huko ndani, asionekane sokoni wala kanisani, mpaka mambo yapoe. Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe, ambaye mke wake naye alitoka ng'ambo, alikuwa ameshamsafirisha wake kimyakimya na kutangaza kwamba amekwenda kuuguza ndugu.

"Mke wa nyumba hii hafichwi kama debe la gongo," Bibi alisema. "Nilimtolea mbuzi mbele ya watu. Atatetewa mbele ya watu."

"Mama, wale hawajui mbuzi. Wana bunduki," Baba alisema.

"Ofisini walitusikia juzi. Watatusikia tena."

Baba akamgeukia Mama. "Sema wewe."

Mama alikuwa anafinyanga tonge lile lile bila kulila. "Nilipokuwa mdogo," alisema, "baba yangu alinificha kwenye matete, ndani ya maji, siku nzima, amenifumba mdomo kwa mkono wake. Mkono ulikuwa unanuka tope. Nilijiapia nikikua sitajificha tena." Akamtazama Bibi. "Nitakaa na ninyi, Mama."

Baba aliinuka akatoka nje na ugali wake haujaisha. Sijawahi kumwona akiacha chakula kabla ya siku ile.

Mpango wa Bibi ulitoka kwenye mila zetu, na ili uuelewe lazima nikueleze. Vijiji vingine sivijui, lakini kwetu mtu akifa, kabla hajazikwa hakuna anayeinua jembe. Majembe hulazwa nje, makali juu, ili apitaye aone. Wafiwa wenyewe, wale wa damu, hunyolewa nywele na kufungwa kamba ya mgomba kwenye kifundo cha mkono, ikiwa imeloweshwa ili isikatike. Hao hukaa katikati, na kijiji kizima huwazunguka. Aliyekufunga ndiye atakayekufungua matanga yakiisha, mwingine haruhusiwi kugusa fundo lile. Na aliye katikati haguswi kwa jambo lolote. Mgambo waliwahi kumfuata mtu kwa kosa la kupiga, wakamkuta amekaa katikati ya msiba, wakavua kofia wakarudi zao. Kila mtu alikumbuka hilo. Bibi alilikumbuka kuliko wote.

Basi wanawake wakakubaliana wafanye msiba. Wote waliotoka ng'ambo wawekwe katikati, wafungwe kamba, na kijiji kiwazunguke. Nani atathubutu kumtoa mtu msibani?

Asubuhi niliamka nikaona majembe yamelazwa kila ua, makali juu. Hakuna aliyeenda shambani, hakuna aliyetwanga. Niliuliza nani amekufa, nikaambiwa ninyamaze. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kutafuta maiti, kwa sababu nilipenda kuwa wa kwanza kujua mambo, na kila nyumba niliyochungulia niliona kitanda kitupu. Niliporudi nyumbani nilimkuta Bibi anamnyoa Mama kwa wembe. Nywele zilikuwa zinaanguka juu ya kanga. Halafu Bibi akatoa kamba kwenye ndoo, akaizungusha kwenye mkono wa Mama, akaifunga fundo la kubana. Maji yalimchuruzika Mama hadi kwenye kiwiko. Harufu ikajaa chumba.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Hakuna aliyekufa," Mama alisema.

Lakini nje nilikutana na Anjelina, binti wa jirani, mkubwa kidogo kwangu na mjuaji kuliko mimi. Yeye alikuwa amesikia wanawake wakizungumza. "Ni mama yako," akaniambia. "Wanamlilia yeye. Na Mzee Bukuru." Mzee Bukuru alikuwa msukaji wa vikapu, mkimbizi wa zamani kama babu yangu. Nikafikiri: kumbe inawezekana. Kumbe mtu anakuwa amekufa, na bado anatembea mpaka waje kumchukua. Sikushangaa sana, maana mtoto huambiwa mambo mengi ya ajabu na yote yanageuka kuwa kweli.

Wakakaa kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, kwenye vumbi. Mama, Mzee Bukuru, mjane mmoja wa upande wa mtoni na binti zake, na wengine wachache. Wote vichwa vitupu vinang'aa juani, wote wana kamba. Wanawake wa kijiji waliwazunguka duara baada ya duara, wanaume wakasimama nyuma. Hakukuwa na debe wala wimbo. Wanaoniambia leo kwamba watu wa vijijini hawakuwa na moyo wangekuwepo pale wauone moyo huo. Watu wale walikuwa wanajua bunduki zinakuja, na walikaa.

Magari yalifika jua likiwa kali. Mwenyekiti alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi yake, hakutoka na hakuingia. Kiongozi wa wale waliokuja alikuwa mtu mzima mwenye adabu, Kiswahili chake cha mbali, amechoka, shati limeloa mgongoni. Aliona majembe njiani, akaona watu wamekaa, akavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," Bibi alijibu.

"Poleni na msiba. Nani amefariki?"

Bibi akasimama. Alijinyoosha kanga begani namna alivyofanya akienda kanisani kukomunika. "Hajafa mtu," alisema, kwa sauti ya kusikika mlima wa pili. "Tunawalilia hawa mliokuja kuwachukua. Ni watoto wetu. Wameolewa hapa, wamezaa hapa, wamezika hapa. Na aliye katikati ya msiba hachukuliwi."

Yule mtu akatazama katikati. Akatazama vichwa, akatazama mikono.

"Hawa wenye kamba?"

"Ego, ndio hawa." Bibi akawaelekeza kwa kidole.

"Ndio wote waliotoka ng'ambo?"

"Wote," Bibi akasema, na alisema kwa fahari, kwa sababu kazi ya kuwakusanya aliifanya vizuri na hakumwacha nje hata mmoja aliyekuwepo.

Yule mtu akajifuta jasho kwa kofia yake. "Tangu asubuhi tunazunguka," alisema. "Kila kijiji wanatuambia hakuna. Na ninyi huku mnaongea sawasawa wote, sisi tutajuaje?" Halafu akamwinamia Bibi kidogo, na hakuwa anamdhihaki. "Asante sana, bibi yangu." Akawageukia vijana wake. "Wenye kamba mkononi."

Ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote hii nimejaribu kumtafuta mtu mbaya katika uwanja ule nimekosa, na jambo hilo linanikasirisha kuliko kama angekuwepo shetani. Hawakuwa na orodha ya majina. Hawakumjua Jenoveva, hawakumjua Bukuru. Wangekuta wanawake wanapalilia maharage wangepita zao. Sisi ndio tuliowanyoa, tukawafunga alama, tukawakalisha katikati na kumwonyesha mgeni kwa kidole, kwa upendo na kwa mila iliyonyooka kabisa. Mila ile inamlinda mtu dhidi ya anayeijua. Bibi hakuwahi kukutana na mtu asiyeijua.

Wanawake walipiga kelele, wakashikilia nguo, wakasukumwa. Risasi moja ilipigwa juu na duara likavunjika. Baba alitokea nyuma akakimbia mpaka kwenye lori, akashika ubao. "Huyu ni mke wangu!" Kijana mmoja akamjibu bila ukali, "Basi panda, mzee, umfuate." Mama, aliyekuwa ameshapandishwa, alitikisa kichwa. Alielekeza kidevu kwangu. Baba alinitazama, akautazama ubao, akauachia.

Mimi sikulia. Watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu. Ukweli ni kwamba kwangu mimi mazishi yalikuwa yamefuata taratibu zake: amenyolewa, amefungwa, amezungukwa, amechukuliwa. Nilishangaa tu kwamba wanalia baada ya maiti kuondoka, wakati kwetu watu hulia kabla.

Baba na Bibi hawakusemezana tena. Waliishi ua mmoja, wakala chungu kimoja, na kila neno lilipita kwangu. "Mwambie bibi yako chumvi imekwisha." "Mwambie baba yako nimesikia." Nilikuwa naona ni mchezo, nikawa nachezesha sauti zao, mpaka siku moja Baba aliposhika kichwa kwa mikono miwili akaniambia niache.

Mvua za kwanza zilipoanza, Bibi alinichukua tukaenda kambini. Tulibeba mihogo ya kuchoma na sabuni. Tulimsubiri Mama kwenye soko la pembeni mwa kambi, pale wanapouza mahindi ya msaada kwa vikombe, kelele za Kirundi kila upande, mahema yamepandana mpaka bondeni. Alikuja akiwa amekonda, nywele zimeota fupi kama za mvulana. Kamba bado ilikuwa mkononi, imekauka.

Nilijificha nyuma ya Bibi. Nilimshika kiuno kwa nguvu hata akayumba.

"Msalimie mama yako," Bibi alisema.

"Amekufa," nikasema.

Bibi alishtuka akaanza kunivuta, lakini Mama alimzuia. Alikaa chini pale pale, kwenye matope ya soko. Kwetu anayekupa kitu huonja kwanza yeye, ili upokee bila hofu. Akachukua mhogo kutoka kwenye kikapu, akauma, akatafuna polepole huku ananitazama, akameza. Akanikabidhi uliobaki.

"Waliokufa wanakula?" akaniuliza.

Nikafikiri. "Hawali."

"Haya, njoo."

Nikaenda. Alinuka moshi wa plastiki, si harufu yake, lakini shingo ilikuwa ile ile. Hapo ndipo nilipolia kilio changu chote, na alinipakata mpaka watu wa sokoni wakaanza kutuzunguka.

Bibi alikuwa amesimama tu na kikapu chake. Halafu akainama akamshika Mama mkono, akaanza kutafuta fundo kwa kucha. Mama akauvuta mkono.

"Hapana, Mama. Ukiifungua, msiba umekwisha, na mimi nimezikwa humu. Utanifungua pale pale uwanjani mliponikalisha."

"Ni mimi niliyekuonyesha kwao, mwana wanje." Bibi aliinua kidole. "Ni mimi. Kwa kidole changu."

"Na wimbo nani aliuanzisha?" Mama alisema. "Tuliimba wote."

Akachana uzi mrefu kutoka kwenye kamba yake mwenyewe, akaulowesha kwa mate, akamfunga Bibi kwenye kifundo cha mkono. "Haya. Siku nikirudi tutafunguana."

Bibi alirudi njia nzima ameshika mkono ule kwa mkono mwingine, kama mtu aliyeungua.

Mama hakurudi. Mvua zile zilileta kuhara kambini, na watu walikwenda wengi, wengine wakizikwa na wasiowajua. Aliyetuletea habari alikuwa Mzee Bukuru, aliyetoroka kambini akaja mchana kweupe, akisema mtu wa umri wake hana tena cha kunyang'anywa. Aliniwekea kanga ya Mama mapajani, imekunjwa. Baba aliuliza swali moja tu: kamba je? "Walimzika nayo," Mzee akasema. "Alinikataza nisiikate." Bibi aliingia ndani akafunga mlango. Hakushika jembe tena maisha yake yote. Kwake yeye maiti ilikuwa haijaingia kaburini.

Mke wa mwenyekiti alirudi kutoka Kasulu mambo yalipopoa, amenenepa, anaulizwa hali ya mgonjwa. Mpaka leo anauza maandazi kando ya barabara na ni mazuri. Nayanunua. Simchukii, ila kila ninapompa hela namwona Mama amekaa pale alipokaa yeye, kwenye kigoda kile, kwenye kivuli kile.

Sisemi watu wasiandamane. Zahanati yetu ina dawa kwa sababu vijana walikwenda kuikalia barabara, na mimi wanangu wametibiwa pale. Kuna watu wa kijiji chetu walioupata uraia baadaye kwa kudai, hawakupewa kwa huruma. Ninachojua mimi ni kidogo tu: tulipopiga madebe tukitaka watu waondolewe tulisikiwa mara moja, na tulipokaa kimya tukitaka watu waachwe tulishukuriwa. Tulioimba na waliochukuliwa walikuwa watu wale wale. Vyama vilipokuja kijijini na ngoma, Bibi alijifungia nyuma ya nyumba na kuziba masikio. Wajukuu wa ukoo walimcheka. Mimi sikucheka.

Ule uzi aliuvaa mpaka mwisho. Ulipochakaa aliuzungushia nyuzi mpya juu yake, bila kuligusa fundo, mpaka ukawa mnene, mweusi kwa mafuta na moshi. Wanawake waliomwosha walitoka nje kumuuliza Baba, mzee sasa, wafanyeje. Ukatwe? Baba alikuwa hajamwita mama yake kwa neno Mama kwa miaka. Alivua kofia, akaikunja, akasema, "Aliyeufunga hayupo. Mwacheni Mama nao, atafunguliwa huko." Kisha akalia kwa sauti, mzee mzima, nami nikamshika.

Shangazi akanifuata na kamba iliyolowa. "Njoo nikufunge. Wewe ndiye mtoto wake hasa, nafasi yako ni katikati." Nilimpa mkono. Sikuweza kumnyima Bibi. Maji yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko, nikaenda nikakaa katikati, na kijiji kikanizunguka, na nilikuwa naona nyuso za watu wanaonipenda kila upande nilikogeuka.

Ndipo likasikika gari linapanda mlima. Nilivuta mkono wa sweta nikaifunika kamba. Lilikuwa lori la kanisa, linaleta kwaya na viti. Watu walikwenda kupokea viti, wakaimba, wakanigusa begani kunipa pole, na mimi niliwaitikia wote kwa mkono mmoja.